Uraia wa Tajnisi nchini Tanzania

Uraia wa tajnisi ni uraia anaopewa mgeni ambaye si raia wa Tanzania kwa kuzaliwa wala kwa kurithi, bali ameuomba mwenyewe na serikali ikamkubalia. Unaongozwa na Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995, Sura ya 357, inayotambua raia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Maombi hushughulikiwa na Idara ya Uhamiaji, na mwenye kauli ya mwisho ni waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani ya nchi.

Suala la nani awe raia lilizua mabishano hata kabla bendera ya uhuru haijapandishwa. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka rangi ya mtu iwe kigezo, ili Waasia na Wazungu wasihesabiwe sawa na Waafrika. Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliipinga hoja hiyo kwa ukali na kuweka wazi kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu endapo ingeshindwa. Hoja ikaanguka. Ndiyo maana hadi leo sheria haimuulizi mwombaji rangi wala kabila lake. Inamuuliza ameishi wapi, ameishije, na anakusudia kubaki wapi.

Sharti linalowachanganya wengi ni la ukaazi, kwa sababu lina vipimo viwili. Mwombaji awe ameishi nchini mfululizo katika miezi 12 inayotangulia ombi lake. Kisha, katika miaka kumi iliyo nyuma ya miezi hiyo, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo jumla yake haipungui miaka saba. Kwa mfano, anayeomba Juni 2025 atatakiwa kuwa alikuwapo nchini tangu Juni 2024, na kwamba kati ya Juni 2014 na Juni 2024 alikaa Tanzania miaka saba au zaidi, hata kama alikuwa akitoka na kurudi. Zaidi ya hapo, awe mtu mzima mwenye akili timamu na tabia njema, awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, na awe na nia ya kuifanya Tanzania makao yake ya kudumu. Huangaliwa pia mchango wake katika uchumi, sayansi na teknolojia, au ustawi wa jamii na utamaduni.

Anayetimiza masharti hujaza fomu na kuambatanisha vielelezo vya utambulisho na ukaazi wake. Hutakiwa pia kutangaza kusudio lake gazetini. Tangazo lenyewe ni fupi: linataja jina la mwombaji na mahali anapoishi, kisha linamtaka yeyote anayejua sababu ya kumnyima uraia apeleke maelezo kwa maandishi, yakiwa na sahihi yake, Uhamiaji. Mwombaji huchunguzwa, huhojiwa, na jalada lake hupitia kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika wizarani. Hatua hizi zina maana yake, kwani wanaoishi karibu na mtu ndio wanaomfahamu. Hata hivyo jalada linaweza kuchukua muda mrefu, na katika muda wote huo mwombaji analazimika kuhakikisha kibali chake cha ukaazi hakiishi muda.

Waziri hafungwi na sheria kutoa sababu za kukataa ombi, wala uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Hili ni eneo gumu la sheria hii: aliyekataliwa bila kuambiwa kosa hana namna ya kulirekebisha. Aliyekubaliwa huukana uraia wake wa awali, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hula kiapo cha utii na kukabidhiwa cheti.

Ndoa ina njia yake. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba tajnisi wakati mumewe yu hai, bila kusubiri miaka ile ya ukaazi. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hana nafasi hiyo; hupita njia ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Ubaguzi huo unawaumiza wake wa Kitanzania na watoto wao, na hauna utetezi wa kuridhisha.

Tajnisi imetolewa pia kwa makundi ya wakimbizi. Mwaka 1980 serikali iliamua kuwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda. Baadaye walifuata Wasomali wenye asili ya Kizigua, ambao wahenga wao walipelekwa Somalia katika biashara ya watumwa ya karne ya 19. Waliokimbia vita huko walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ileile ya wazee wao.

Kundi kubwa kuliko yote ni Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kupewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka mapori, wakalima, wakalipa kodi, wakazaa na kujukuu. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilikubaliana wachague kurudi au kubaki, na takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Kufikia mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikuwa yamekubaliwa. Vyeti, hata hivyo, vilizuiwa, kwa sababu serikali ilitaka kwanza wahame makazi hayo na kutawanywa katika mikoa mingine. Kwa miaka kadhaa watu waliokwisha kuukana uraia wa Burundi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa ni Watanzania, wala hawakujua kama wajenge nyumba au wafungashe. Mpango wa kuwahamisha uliachwa, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014.

Raia wa tajnisi hupata pasipoti, hupiga kura na kumiliki ardhi kama raia wengine. Urais hawezi kuugombea, kwani Katiba, ibara ya 39, inautenga kwa raia wa kuzaliwa. Uraia wake unaweza pia kufutwa: ikigundulika aliupata kwa udanganyifu, akionyesha uasi dhidi ya Jamhuri, au akihukumiwa kifungo kirefu katika miaka ya mwanzo baada ya kuupata.