Padre na Mwanzo wa Ulimwengu

Vijana tunaowafundisha kipaimara hutuuliza kama Mkristo aweza kukubali habari za ule Mlipuko Mkubwa wanazosomeshwa shuleni. Wengi wetu wahubiri hujibu upesi kwamba huo ni uzushi wa watu wasiomjua Mungu. Basi na tuangalie ni nani aliyeanza kusema hayo.

Alikuwa padre. Georges Lemaître wa Ubelgiji alipata upadre mwaka 1923. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka. Einstein alizikubali hesabu zake lakini akaukataa ulimwengu wenyewe! Mwaka 1931 Lemaître akaongeza kwamba vyote vilitoka katika chembe moja ya kwanza.

Mwaka 1948, huko Uingereza, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walitoa nadharia nyingine. Walisema ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho. Unapanuka, ndiyo, ila vitu vipya huzaliwa kidogo kidogo na kuziba nafasi, hata daima waonekana ule ule. Hoyle aliona habari za mwanzo zanukia dini. Na jina hilo la Mlipuko Mkubwa alilitoa yeye, mpinzani, akizungumza katika redio ya BBC mwezi wa Machi 1949.

Basi upande mmoja padre, upande wa pili mtu asiyeamini. Kishawishi kilioje kwa Kanisa! Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 aliwaambia wanasayansi kwamba elimu yao yaelekea kushuhudia ile siku Mungu alipoamuru nuru iwepo. Sisi tungalipiga vigelegele. Lemaître alisikitika. Kwake nadharia ni kitu cha kupimwa, na ikishindwa hutupwa. Je, siku ikitupwa, imani iliyofungwa nayo itakwenda wapi? Papa alipowahutubia wataalamu wa nyota mwaka 1952, hakuyarudia maneno yale.

Kipimo kilikuja baadaye. Huko New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na mvumo katika antena yao kubwa. Waliwaondoa njiwa waliojenga kiota mle ndani, wakasafisha na kinyesi chao. Mvumo ukabaki, mchana na usiku, kutoka pande zote za mbingu. Mwaka 1965 ikatangazwa kwamba yaelekea ni mabaki ya joto la mwanzo. Nadharia ya Hoyle ikapoteza wafuasi wengi, ingawa yeye mwenyewe hakukubali kushindwa hata alipofariki mwaka 2001.

Waebrania 11:3 hutuambia kwamba uumbaji twaufahamu kwa imani, na wasomaji wa kwanza wa aya hiyo hawakuwa na antena. Lemaître alikuwa ameishi na imani hiyo miaka zaidi ya arobaini katika upadre bila kuudai mvumo wowote. Habari za mvumo zilimfikia akiwa mgonjwa, zikiletwa na mwenzake wa kazi, muda mfupi kabla hajafa tarehe 20 Juni 1966.

Na tuombe.