Kilichoidumisha Peugeot 504 katika kazi ya uchukuzi

GARI la kubeba abiria au wakubwa wa serikali halipimwi kwa kipimo cha gari la nyumbani. La nyumbani huenda kanisani na sokoni, kisha likalala. La kazi huamka alfajiri, na kila siku linayokaa gereji humkosesha mwenyewe mapato ilhali mkopo wa benki haungoji. Kwa hivyo uimara wake si suala la iwapo litaharibika, maana hakuna lisiloharibika. Suala ni litarudi barabarani baada ya muda gani, na kwa pesa ngapi.

Nchini Kenya, ni magari machache yaliyolijibu swali hilo vyema kama Peugeot 504. Lilizinduliwa Ufaransa mnamo Septemba 1968, umbo lake likiwa limesanifiwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na likateuliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya 1969. Ufaransa iliacha kuunda saluni hiyo mwaka wa 1983. Afrika haikuiacha: Kenya na Nigeria ziliendelea kuliunganisha gari hilo hadi miaka ya 2000. Zaidi ya magari milioni 3 yaliundwa kote ulimwenguni.

Siri ya kwanza imo ndani ya injini. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja katika bloku. Kila pistoni ilipanda na kushuka ndani ya slivu, yaani bomba la chuma linalozungukwa na maji ya rejeta na linaloweza kung'olewa. Injini ilipochakaa na kuanza kula oili, fundi alizitoa slivu na pistoni zake, akatia mpya, na bloku ikabaki ile ile. Kazi hiyo haikuhitaji mashine ya kuchonga chuma, ambayo aghalabu hupatikana katika miji mikubwa pekee. Injini iliyozeeka Kitale iliweza kufufuliwa papo hapo Kitale.

Ya pili ni miguu ya gari. Springi zilikuwa laini na zenye mwendo mrefu, hivyo mashimo ya barabara hayakumwadhibu abiria wala chesi. Gari la familia lenye safu tatu za viti lilirefushwa kwa sentimita 16 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na nyuma likatiwa ekseli moja nzito yenye springi nne. Hilo ndilo lililogeuka teksi ya safari ndefu kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa na Magharibi, likipakia watu wengi kuliko waliokusudiwa na wahandisi wake. Wakati huo huo, saluni ilihudumu katika polisi na ofisi za serikali.

Mashindano ya Safari Rally yalithibitisha sifa hiyo hadharani. Ove Andersson wa Uswidi alishinda kwa 504 mwaka wa 1975, naye Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka wa 1978 kwa toleo la milango miwili lenye injini ya V6.

Hata hivyo, gari hili halikuwa malaika. Kichwa cha injini kilikuwa cha alumini, na dereva aliyepanda mlima akiwa na rejeta inayovuja aliunguza gasketi. Kutu nayo ilikula mabati, hasa pwani. Na kwa viwango vya leo vya usalama, hakuna mwajiri anayepaswa kumpeleka mfanyakazi safari ya usiku ndani yake.

Nafasi yake katika safari za kaunti ilitwaliwa na magari ya Japani, hasa Toyota Probox, iliyozinduliwa mwaka wa 2002. Sheria ya Kenya inayozuia kuingiza gari lililopita miaka minane huwafanya wamiliki wanunue magari yenye kompyuta na gia za kujiendesha, na gia za aina hiyo hazisamehe oili isiyofaa. Mmiliki mwenye magari kumi ya aina moja angali ana nafuu kuliko mwenye magari kumi ya aina kumi: fundi wake anazijua dalili mapema, vipuri hununuliwa kwa pamoja, na gari lililokwisha kabisa huyapa mengine milango, taa na ekseli.