Kinywaji cha Dereva Mkononi mwa Mtoto

Leo tunazungumzia vinywaji vya kuongeza nguvu, vile ambavyo vijana huviita enaji. Je, vilitoka wapi? Na kwa nini nchi nyingine zimekataza watoto wasiuziwe?

Historia yake si ya watoto. Mwaka 1962, kampuni ya Taisho ya Japani ilianza kuuza Lipovitan D, dawa ya nguvu katika chupa ndogo, kwa watu waliochoshwa na kazi. Miaka ya 1970, Chaleo Yoovidhya wa Thailand alitengeneza Krating Daeng, kikapendwa na madereva wa malori na vibarua waliokesha kazini. Mwaka 1987 kinywaji hicho kilibadilishwa kidogo, kikaanza kuuzwa Austria kwa jina la Red Bull. Baadaye kampuni nyingine nyingi zikaiga.

Sisi wa Voi tunawajua madereva. Tangu reli ilipojengwa miaka ya 1890, mji wetu umekuwa wa wasafiri. Malori ya Mombasa na Nairobi yanapita hapa, na barabara ya Taveta inaanzia hapa. Lakini duka linalomuuzia dereva ndilo hilo hilo analopitia mtoto akitoka shule.

Ndani ya kopo mna nini? Mna kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa na majani ya chai, pamoja na sukari nyingi. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini, na sukari ya vijiko vya chai 6 au zaidi. Mwaka 2015, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walishauri mtoto asipite miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tupige hesabu, mama. Mtoto wa kilo 25 kikomo chake ni miligramu 75. Kopo moja limeshampitisha, na chai ya jioni bado hajanywa! Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakataa. Kesho yake anasinzia darasani, kisha anatafuta kopo jingine.

Ndiyo maana Lithuania ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014. Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland Januari 2024.

Hapa Kenya njia hiyo si ngeni. Zamani mtoto alitumwa sigara dukani na hakuna aliyeshangaa. Sheria ya tumbaku ya 2007 ikazuia kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2010 ikaja sheria ya pombe, ile tunayoiita ya Mututho, nayo ikaweka umri huo huo. Lakini sheria hizo mbili ni za tumbaku na pombe. Kinywaji cha kafeini kisicho na kileo hakimo. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa mtoto ni wewe.

Soma maandishi ya kopo au chupa. Nyingi zimeandikwa kwamba hazifai watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Zungumza na mwenye duka la jirani, na ulete jambo hili katika mkutano wa wazazi shuleni. Mtoto akichoka, mpe maji, uji au ndizi za Taveta, na umlaze mapema. Kijana mkubwa mweleze wazi kwamba kuchanganya enaji na pombe humfanya asijue amelewa kiasi gani. Na mtoto akiumwa kifua au akizirai baada ya kunywa, mpeleke hospitali mara moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.