Introni: kipande cha RNA kijikatacho chenyewe

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vimeng'enya vyote ni protini. Mnamo 1982, Thomas Cech na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliivunja imani hiyo wakichunguza RNA ya Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kiishicho majini.

Ndani ya RNA hiyo mna introni, kipande kinachopaswa kuondolewa. Chenyewe, chenye nyukleotidi 413, hujikunja kwa msaada wa magnesiamu na kufanya kishimo kinachoshika guanosini. Guanosini hukata mwanzo wa introni. Sehemu iliyotangulia, ikiwa sasa huru, hukata mwisho wake na kujiunga na sehemu inayofuata.

Wakishuku protini iliyojificha, watafiti waliiunda RNA hiyo upya kutokana na jeni iliyokuzwa katika bakteria. Bado ilijikata. Cech alitunukiwa Nobel ya Kemia 1989, pamoja na Sidney Altman.