Majuma Matatu Baada ya Damu: Kuzuia Kubana kwa Mishipa ya Ubongo Rumonge

Mshipa wa ubongo ukipasuka na damu ikamwagika chini ya utando unaofunika ubongo, mjadala wa waganga huishia kwenye upasuaji: nani atauziba, na wapi. Kwa mkazi wa Rumonge, Burundi, swali hilo ni la haki, lakini linaisahaulisha hatari ya pili: mishipa ya ubongo kubana. Hoja yangu ni kwamba kinga ya hatari hiyo inaweza kuanza katika hospitali ya kwanza anayofikishwa mgonjwa, na kwamba huko ndiko inakohitajika zaidi.

Damu iliyomwagika huvunjika, na himoglobini inayoachiliwa huchokoza misuli ya kuta za mishipa hadi ikabana. Hali hiyo huanza kwa kawaida siku ya tatu au ya nne, hufikia kilele karibu na siku ya saba, na hutulia baada ya wiki mbili. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupungukiwa damu ubongoni katika kipindi hicho. Aliyeongea vizuri asubuhi, jioni mkono hauinuki.

Hatari ya kwanza, mshipa kupasuka tena, ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo. Sasa mfikirie mvuvi aliyeshikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa akivuta wavu wa ndagala. Anatapika, shingo imekakamaa. Anatibiwa malaria, kisha homa ya uti wa mgongo, na siku ya nne ndipo anapopelekwa Bujumbura, kilomita kama 70 kwa barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, ileile iliyofungwa na maporomoko ya ardhi ya Gitaza mwaka 2015. Saa mbaya kuliko zote za kupasuka upya zimempita. Anaingia wodini siku zilezile mishipa inapobana. Kwa mgonjwa aliyechelewa, basi, kinga hii ina uzito zaidi.

Dawa yenyewe ni nimodipini ya kumeza, miligramu 60 kila baada ya saa nne kwa siku 21. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1989, lenye wagonjwa 554, walioharibikiwa sehemu ya ubongo kwa kukosa damu walipungua kutoka 33% hadi 22%. Klazosentani ilipunguza kubana kunakoonekana kwenye picha, lakini jaribio kubwa la mwaka 2011 halikuonyesha kwamba wagonjwa waliishia katika hali bora. Magnesi haikufaa kitu (2012), wala simvastatini (2014). Kwa upande wa dawa za kinga, hospitali kubwa za Ulaya zimeizidi Rumonge kwa machache kuliko tunavyodhani.

Vidonge vya miligramu 30 vinavyohitajika ni 252 kwa mgonjwa mmoja. Visichomwe kamwe kwenye mshipa. Asiyeweza kumeza apewe kwa mpira wa puani. Shinikizo la damu likishuka, dozi igawanywe: miligramu 30 kila saa mbili. Fenobabitali, dawa ya kifafa iliyozoeleka sana kwetu, hulifanya ini liivunje nimodipini haraka mno hata isifae. Vivyo hivyo rifampisini ya kifua kikuu. Mgonjwa asinyimwe maji, maana mwili wake hupoteza chumvi. Apewe maji ya chumvi, si ya glukosi. Na muuguzi amwambie kila baada ya saa chache anyooshe mikono yote miwili akiwa amefumba macho. Mkono mmoja ukishuka, daktari aitwe papo hapo.

Mahali pasipo na CT, maji ya uti wa mgongo yaliyochukuliwa baada ya saa 12 na kuzungushwa kwenye mashine, yakawa ya njano, yanatoa ushahidi wa kutosha kumwanzishia mgonjwa dawa. Safari ya Bujumbura isisitishwe kwa sababu hiyo: nimodipini haizibi mshipa uliopasuka.

Wizara ya Afya ya Burundi iweke nimodipini katika maduka ya dawa ya hospitali za pwani ya ziwa, na madaktari wa Bujumbura wakubali kutoa maelekezo ya kuianzisha kwa simu, kabla gari la wagonjwa halijaondoka Rumonge.