Kipima-joto na Njia Yake

Miongoni mwa vyombo alivyobuni mwanadamu ili apate kuyatia katika hesabu mambo yasiyoonekana, ni vichache vilivyowashughulisha mabingwa kwa muda mrefu kama kipima-joto, kwa sababu joto halishikiki wala halimiminiki katika kibaba likapimwa. Hujulikana kwa athari yake juu ya kitu kingine, na kati ya kitu hicho na jicho la msomaji daima ipo njia, nayo njia hiyo aghalabu haikosi hitilafu. Mtu wa leo aliyefunga kihisi cha joto katika kompyuta ya bodi moja, kikamtumikia vyema kwa miezi, kisha asubuhi moja kikatoweka katika orodha kana kwamba hakikupata kuwapo, hudhani kwamba amefikwa na msiba wa zama mpya. Tarehe ya chombo hiki yashuhudia kwamba msiba huo una nasaba ndefu.

Chombo cha awali, ambacho kwa kawaida hunasibishwa na Galileo Galilei katika miaka ya mwisho ya karne ya 16, kilikuwa tufe la kioo lenye shingo ndefu iliyopinduliwa ndani ya maji: hewa iliyomo ilipopata joto ilitanuka na kuyasukuma maji chini, na ilipopoa ilinywea, maji yakapanda. Walakini shingo ile ilikuwa wazi majini, na uzito wa hewa ya nje, alioudhihirisha Evangelista Torricelli kwa zebaki katika miaka ya 1640, uliweza kuyapandisha na kuyashusha maji yale yale bila joto kubadilika hata kidogo. Dawa yake ilipatikana Florence, katika jumba la mtawala Ferdinando II de' Medici, ambako yapata katikati ya karne ya 17 mafundi walitia pombe ndani ya bomba la kioo, kisha wakaliziba kwa moto. Baadaye Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Uholanzi, aliweka zebaki mahali pa pombe; na mwaka 1742 Anders Celsius wa Uppsala aligawa nafasi iliyo kati ya kuganda na kuchemka kwa maji katika digrii 100, ijapokuwa yeye aliiweka sifuri penye kuchemka, na wengine ndio waliokuja kuigeuza.

Vyombo vyote hivyo vilimlazimu msomaji avifuate vilipo. William Siemens, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alieleza mbele ya Royal Society mwaka 1871 namna ya kuuondoa ulazima huo: waya wa platini huzidi kuukinza umeme kadiri uzidivyo kupata moto, basi joto la tanuri laweza kusomwa na mtu aliyeketi mbali nalo. Lakini umbali ulileta shaka yake, maana waya za kuunganisha nazo zina ukinzani, tena hubadilika kwa joto la mahali zinapopita, hata nambari iliyosomwa ikawa mchanganyiko wa habari za platini na habari za njia. Siemens akaongeza waya wa tatu ili ukinzani wa njia upate kutolewa katika hesabu. Ilipoonekana kwamba vipima-joto vyake hubadilika baada ya kuchomwa sana, watu waliitia platini yenyewe shakani, hata Hugh Callendar alipothibitisha huko Cambridge, mwaka 1887, kwamba platini safi iliyokingwa na uchafu wa tanuri ni amini.

Kampuni ya Dallas Semiconductor, iliyoanzishwa Texas mwaka 1984, ilishika rai nyingine: joto lipimwe pale pale lilipo, ndani ya silikoni, na ligeuzwe kuwa nambari kabla ya kuingia katika waya. Kihisi chake mashuhuri, DS18B20, chenye miguu mitatu na uwezo wa kupima tangu digrii 55 chini ya sifuri hata 125 juu yake, kina jina lake la biti 64, nalo halirudiwi kwa kingine, na hivyo vihisi vingi huweza kushirikiana waya mmoja. Kompyuta huishusha volti ya waya ule kwa mikrosekunde zisizopungua 480, kisha huuachia waya, na kila kihisi kilicho hai huishusha tena kwa kitambo, mithili ya wanafunzi wanaoitika mwalimu akiita daftari. Tena kila habari hufuatana na tarakimu za uhakiki, na habari isiyolingana nazo hukataliwa. Hapo ndipo tabia ya kosa ilipobadilika: njia mbovu, ambayo zamani ilileta nambari ya uongo, sasa aghalabu huleta ukimya. Uongo uliosalia mashuhuri ni digrii 85, ambayo kihisi huwa nayo kinapowashwa, nayo husomwa pale umeme unapokatika kabla ya kipimo kukamilika.

Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja, ilipotoka Cambridge, mji ule ule wa Callendar, tarehe 29 Februari 2012, kihisi hicho kilipata makao maelfu kwa maelfu. Mwanzoni mwa 2015, keneli ya Linux 3.18 ilipoleta utaratibu mpya wa kuitambulisha mashine vifaa vyake, vihisi vingi vilitoweka ilhali waya zake hazijaguswa, kwa kuwa sasa ulihitajika mstari dtoverlay=w1-gpio katika faili la config.txt, na waliouongeza walirudishiwa vihisi vyao mara walipowasha upya.

Kwa hiyo mwenye busara huanza upekuzi mbali na kihisi. Kwanza hutazama mstari huo. Kisha huhakikisha kwamba waya wa habari umeingia katika GPIO 4, ambayo ni pini ya 7, isipokuwa kama ametaja nyingine. Halafu huitafuta rezista ya omu 4,700 kati ya waya huo na volti 3.3, kwani waya hushushwa na kompyuta na vihisi lakini hupandishwa na rezista peke yake. Ikikosekana, orodha huwa tupu, au huonyesha majina ya uzushi yanayoanza kwa 00 badala ya 28. Baadaye huja viungo vilivyoshika kutu, na waya ndefu zilizotawanyika pande zote badala ya kufuata mstari mmoja. Kihisi chenyewe, ijapokuwa bandia zake zimejaa sokoni, huhukumiwa mwisho, maana anayeanza kwa kukitupa hununua kingine, akakifunga katika njia ile ile mbovu, na kompyuta isimwone huyo mgeni pia.