Chumvi Iliyofuata Shoka

Sote tulifundishwa shuleni kwamba ukikata miti visima hukauka. Hata mimi nimelirudia hilo mara nyingi mbele ya kipaza sauti hiki. Leo nawapeleka mahali ambapo miti ilikatwa, na maji yakazidi. Yakazidi mpaka yakaua ardhi.

Mahali penyewe ni Australia Magharibi, ng'ambo ya Bahari hii hii ya Hindi. Kwa maelfu ya miaka upepo wa bahari ulibeba chumvi, na mvua ikaishusha bara kidogo kidogo. Miti ya kule, jamii ya mikaratusi, ilikunywa karibu maji yote ya mvua, chumvi ikabaki imelala chini. Mizizi ya mti uitwao jarrah imewahi kukutwa kwenye kina cha mita 40!

Wakaja walowezi na ngano yao. Mizizi ya ngano huishia mita 1 au 2 hivi, tena mmea wenyewe huishi miezi michache tu. Mvua inayobaki huteremka, na maji ya ardhini hupanda mwaka hadi mwaka yakiyeyusha ile chumvi. Yakifika kama mita 2 kutoka juu, hupanda yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi. Jua hukausha maji, chumvi hutanda nyeupe shambani.

Waliopiga kelele mapema walikuwa watu wa reli. Vichwa vya treni vya mvuke vilitaka maji matamu, kwani chumvi huharibu boila, na mabwawa yao yalikuwa yakigeuka chumvi baada ya misitu ya jirani kufyekwa. Kwenye bwawa la Mundaring, linalopeleka maji Kalgoorlie kwa bomba la zaidi ya kilomita 500, wakubwa waliamuru miti ichunwe magome ife, ili bwawa lijae upesi. Chumvi ikaongezeka, ikabidi miti iachwe iote tena. Mwaka 1924 mhandisi wa reli, W. E. Wood, aliandika bayana kwamba chumvi inaongezeka kwa sababu uoto wa asili umeangamizwa.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wenye madaraka. Andiko la Wood lilikuwapo, limechapishwa, mwenye macho asome. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 serikali ilijisifu kwa kufungua ekari milioni 1 za mashamba mapya kila mwaka. Sheria ya kuzuia ufyekaji kwenye vyanzo vya maji ilianza kuuma mwaka 1976, miaka 52 baada ya Wood. Leo zaidi ya hekta milioni 1 za kilimo zimeharibika.

Baadhi ya wakulima sasa hupanda lusini, jani la mifugo lenye mizizi mirefu, linaloishi miaka kadhaa na kunywa mvua ambayo ngano huiacha. Wengine wamerudisha mikaratusi. Lakini pale chumvi ilipokwisha kutanda na maji kutuama, hata lusini haioti.